Nilivyoacha Tenga Nikabeba Shanta

Mimi ni Hyasinta, mke wa Masatu, mvuvi wa Bukima. Kuandika nilifundishwa ukubwani, kwenye darasa la kisomo. Kutembea sikufundishwa na mtu. Nilizaliwa Mwitongo, kule Butiama, nikaolewa huku ziwani, na kila mwaka mavuno yakiisha nilikuwaga naenda kwa miguu kumwona mama yangu. Unalala njiani mara moja, kesho yake jua likianza kulegea umefika. Magari yalikuwepo siku moja, siku kumi hayapo. Miguu yangu ilikuwepo kila siku.

Miaka ile ya foleni msafiri alibeba nyumba yake yote. Utakwendaje kwa watu uwaombe chumvi wakati wenyewe hawajaiona tangu Pasaka? Kwa hiyo nilibeba chumvi yangu, sabuni yangu, mafuta ya taa na kandili yake, unga, chungu cha kupikia, blanketi zito la rangi ya majivu, mkeka, kibuyu cha maji. Juu ya hayo tenga la samaki wakavu, maana mtoto wa kike haendi kwao mikono mitupu. Yote kichwani, juu ya ngata. Watu walisimama kuniangalia. Nilipenda wasimame.

Mwaka mmoja nilirudi Bukima shingo imekaza. Sikuweza kugeuka kushoto wala kulia. Masatu akiniita nageuka mwili mzima kama kiboko. Mganga wa zahanati akanibonyeza, akasema nikiendelea kubeba kichwani nitakuja kulala kitandani nikiangalia dari mpaka mwisho wangu. Masatu akasikia. Akasubiri tufike nyumbani.

"Mama Felisian," akaniambia, "safari za Mwitongo zimekwisha."

"Zimekwisha kwa nani?"

"Kwako. Kaka yako amlete mama huku, kama anataka kuonana na wewe."

Mama yangu alikuwa haoni tena na miguu imevimba. Kumleta Bukima ni kumuua njiani. Nikamwambia Masatu nitakwenda. Akasema sitakwenda. Tulikaa hivyo, yeye na nyavu zake, mimi na jiko langu, tukisalimiana kama wapangaji, mpaka yeye akachoka kwanza.

"Haya, nenda mara moja tena," akasema. "Ila ukirudi na shingo ile, hutatoka tena Bukima hata kwa gari la padri. Umekubali?"

Nikakubali. Nikaanza kufikiri.

Nilikuwa nimewaona askari waliorudi toka vita vya Uganda wakipita Musoma. Mzigo wao wote ulikaa mgongoni ndani ya shanta, shingo ziko huru, wanageuka kuangalia wasichana upande huu na upande huu. Nikasema, kumbe mzigo unaweza kukaa kwingine. Na mwaka ule mitumba ilikuwa imeruhusiwa, marobota yanafunguliwa sokoni Musoma, watu wanagombania makoti ya Wazungu. Nikapata makoti mawili ya mvua, kitambaa chepesi kama ganda la kitunguu na maji hayapiti. Nikampelekea Hamduni, fundi cherehani aliyekuwa akikaa Kigera.

"Fundi, nishonee shanta."

Akavua miwani. "Mama, unakwenda vitani?"

"Nakwenda kwa mama yangu."

"Hiyo hatari zaidi," akasema, na akachukua futi kunipima mabega.

Alishona vizuri. Mikanda akaijaza vipande vya blanketi kuukuu isikate bega, na mkanda mwingine akaupitisha kiunoni. Nikasema huo wa kiunoni wa nini. Akasema, "Mama, kiuno chako kina nguvu kuliko mabega, acha kifanye kazi." Nilitaka kubishana naye, ila alikuwa amesema kweli.

Nyumbani nikatandaza vitu vyote vya safari uani, nikaenda na kimoja kimoja kwenye mizani ya mnunuzi wa samaki, ile ya kuning'iniza. Jirani yangu Marcelina akanifuata, mikono nyuma, kama anakwenda kuangalia mazishi. Chungu kilivuta mshale mpaka nikakasirika. Nikakiweka pembeni.

"Unaacha chungu?" Marcelina akasema. "Utapikia kwenye kiganja?"

"Kwenye kopo la maziwa."

"Na kandili?"

"Nitalala jua likizama. Kuna kitu gani cha kuangalia gizani?"

Chumvi na sabuni nikaziacha, kwa sababu sasa maduka ya njiani yalikuwa yameanza kuwa navyo tena. Kwa nini nibebe duka? Kibuyu nikaacha, nikachukua kidumu kidogo cha plastiki. Unga mbichi nikaacha, nikakaanga mahindi, nikasaga, unga wa kutia maji na kunywa, hauhitaji kuni. Blanketi nikalikata katikati kwa kisu. Hapo Marcelina akapiga ukelele.

"Blanketi zima, Mama Felisian!"

"Mimi ni mfupi. Nusu ile nyingine ilikuwa inalala peke yake."

Halafu nikachukua mwiko, nikaukata mpini. Marcelina akakaa chini kabisa. Alicheka mpaka akashika mbavu, na jioni kijiji kizima kilijua kwamba mke wa Masatu amekata mwiko. Wacha wajue. Tenga la samaki nikaliacha, nikatia dagaa wakavu kwenye mfuko ndani ya shanta, wamejaa vizuri, wepesi kama majani. Nikavaa. Nikatembea mpaka ziwani na kurudi. Nikaruka kidogo, hakuna aliyeniona.

Safari ile nilitembea kama msichana. Shingo nimeinua, naangalia mashamba ya pamba, naangalia ndege, nageuka nyuma nikitaka. Kitu kimoja tu kilinishangaza. Watu niliozoea wanisimamishe kwa utani walinisalimia kwa sauti ya chini, kama watu wa msibani. Kwa Dorotea, mjane ambaye nilikuwaga nalala kwake njiani, nikapewa maziwa ambayo hajawahi kunipa miaka yote. Akanishika mkono.

"Mungu yupo, dada," akasema.

"Yupo," nikasema. "Ongeza maziwa."

Nilipofika Mwitongo ndipo nikaelewa. Kaka yangu Thadeo alikuwa uani. Aliponiona hakuja kunipokea. Aliangalia kichwa changu kilivyo kitupu, akaangalia kifurushi mgongoni, akamwambia mke wake alete mkeka nje. Nje! Mimi mtoto wa pale nikakalishwa nje. Kwetu mwanamke aliyeolewa akija kwao na kifurushi kidogo, bila tenga kichwani, kila mtu anajua amefukuzwa na mume au amekimbia. Haingii kwa mama yake mpaka kaka asikie maneno. Hilo nililijua toka utotoni, nilishaona wengine wakikalishwa pale pale. Ila akili yangu yote ilikuwa kwenye shingo.

"Amekupiga?" Thadeo akauliza.

"Nani?"

"Masatu."

"Masatu anipige mimi? Masatu ananiogopa."

"Basi amekufukuza."

"Nimepunguza mzigo, Thadeo."

Akatikisa kichwa polepole. "Ndivyo wanavyosemaga wote siku ya kwanza."

Nikafungua shanta nimwonyeshe dagaa. Akasema hata waliokimbia wanabeba chochote kilichokuwa karibu. Nikamwonyesha nusu blanketi. Hapo ndipo nilipoharibu kabisa, maana aliona limekatwa kwa kisu, akasimama.

"Mmegawana mpaka blanketi?"

Toka ndani nikasikia mama anacheka. Alikuwa haoni, ila masikio yake yalikuwa ya paka. Akaita, "Thadeo, huyo mtoto amekuja anatembea kwa mwendo wa furaha, nimesikia miguu yake. Mwache aingie." Nikaingia. Thadeo hakumzuia mama, lakini hakuridhika. Akaniambia niape mbele ya wazee kwamba sijafukuzwa. Nikakataa. Kwa nini niape? Nimeiba nini? Angeniuliza kwa heshima ningemjibu kwa heshima. Basi nilikaa na mama yangu, nikamchemshia dagaa, nikamsuka nywele zake nyeupe, na watu wa Mwitongo walikuja kutupa pole ambayo hatukuihitaji. Mama alipokea pole zote na sukari zilizokuja nazo.

Siku ya kurudi Thadeo akasema tutakwenda wote. Anataka kumsikia Masatu kwa mdomo wake mwenyewe.

"Twende," nikasema. "Ila mwendo ni wangu."

Sasa ukoo wetu una utaratibu. Mtu akienda kumuuliza shemeji yake habari za dada, haketi kwenye kiti cha shemeji, hanywi maji yake, hali chakula chake mpaka maneno yaishe. Kwa hiyo Thadeo alibeba kigoda chake cha mti mgumu alichorithi kwa baba, unga wake, sufuria yake, kibuyu cha maji, mwavuli, na koti la heshima la kuvaa kwenye maneno. Baiskeli ilikuwepo, tairi hazikuwepo. Akafunga vyote kwenye fimbo, akaweka begani. Mimi nikavaa shanta langu, nikatangulia.

Kabla hatujatoka Butiama nilikuwa namsikia anahema.

"Dada, tupumzike."

"Umechoka?"

"Nakuonea huruma wewe."

"Mimi sijambo."

Tukaendelea. Kwenye kila kivuli alinionea huruma. Kwa Dorotea aliacha sufuria, akasema ataichukua akirudi. Dorotea akaniangalia, akamwangalia yeye, akaniuliza pembeni, "Huyu ndiye aliyefukuzwa?" Kesho yake asubuhi akaacha unga. Mwavuli na kibuyu akampa mtoto wa watu njiani. Nikampa unga wangu wa kukaanga, nikautia maji kwenye kopo, akanywa amesimama, akasema si mbaya, akaomba tena.

Vilivyobaki ni koti na kigoda. Kigoda hakiachwi, bila kigoda hakuna maneno. Alikihamisha bega la kulia, akakihamisha la kushoto, akakikumbatia kifuani kama mtoto. Bega lilikuwa limechubuka. Nikasimama.

"Lete."

"Hapana. Watu watasemaje? Dada amebeba kigoda cha kesi yake mwenyewe?"

"Watasema una dada. Lete, Thadeo."

Akaleta. Nikakifunga juu ya shanta kwa kamba, nikakaza mkanda wa kiuno, nikaenda. Hata hapo alibaki nyuma. Nilipokuwa naingia Bukima alikuwa bado nukta barabarani.

Masatu alikuwa anashona nyavu. Akaniona, akaona kigoda mgongoni, akafungua mdomo. Nikamwambia, "Usiulize. Kaka anakuja kukuuliza wewe." Nikashusha kigoda uani. Tukasubiri. Marcelina naye akaja akasubiri, hakualikwa.

Thadeo akafika, midomo imekauka. Akavaa koti lake la heshima juani. Akaketi kwenye kigoda. Masatu akampa maji, Thadeo akayasukuma kwa nyuma ya mkono, huku macho yanayafuata.

"Shemeji," akasema, "dada yangu alikuja kwetu na kifurushi. Blanketi limekatwa nusu. Nataka kujua kosa lake."

Masatu akaniangalia mimi. "Blanketi umekata?"

"Nimekata."

"Na mwiko!" Marcelina akasema. "Mwiko pia, jamani!"

Masatu akaweka nyavu chini. Alimweleza Thadeo habari ya shingo toka mwanzo, mganga, na masharti aliyonipa. Akasema, "Shemeji, mimi ndiye niliyemkataza kuja kwenu. Nilidhani ataona mwenyewe hawezi. Sasa nauliza mbele yako, maana wewe umetembea naye. Amechoka?"

Thadeo aliangalia bega lake. Ni mtu mkaidi, tumetoka tumbo moja. Angeweza kusema mimi nimechoka, na ningekuwa nimefungiwa Bukima mpaka leo, na yeye angekuwa amepona aibu. Aliangalia maji.

"Hajachoka," akasema. "Mimi ndiye nimechoka. Amebeba kigoda changu na bado ameniacha."

"Shingo?"

Nikageuza shingo. Kushoto, kulia, kushoto tena, na kwa Marcelina nikaigeuza taratibu ili aone vizuri.

"Basi aende anapotaka," Masatu akasema. "Mimi nimeshindwa."

Thadeo akachukua maji, akanywa bila kupumua. Nikampikia sato mbichi wa siku ile, akala mpaka mkia. Kabla hajarudi alizunguka shanta langu kama mtu anayenunua ng'ombe, akashika mikanda, akauliza huyo Hamduni anakaa wapi hasa.

Nilikwenda Mwitongo kila mwaka mpaka mama alipofariki, na baadaye nilikwenda kuliona kaburi lake. Thadeo aliniomba nibebe hata tenga tupu kichwani, kuwaziba watu midomo. Nikakataa. Kichwa changu si mahali pa kuwekea mdomo wa mtu. Marcelina, ambaye naye alikuja kushonewa shanta la kwendea kwao, alikubali kubeba tenga tupu, na upepo ukimpiga linaruka, analikimbiza kwenye mashamba ya pamba anatukana. Mimi napita kichwa kitupu. Watu wa njiani wananiona toka mbali wanapiga kelele:

"Mama Felisian! Amekufukuza tena?"

"Amenifukuza," nawaambia. "Lete maji."