Wimbo wa Asili

Baridi ikianza hapa Toronto natoa koti kabatini, na harufu ya naftalini inanirudisha sebuleni kwetu. Baba, mwimbaji wa dansi, alikuwa akivaa suti yake ya jukwaani. Redio ikapiga wimbo aliomtungia mama, wenye jina lake kwenye kiitikio. Ulipokwisha, mtangazaji akasema, "Huo ni wimbo wa asili. Hauna mtunzi."

"Hauna mtunzi?" Baba aliiuliza redio. "Kwani mimi nimekufa?"

Mama alikuwa akimfunga tai. "Acha, baba watoto. Ukifa ndipo watakutaja."

Tulimzika na suti ile.

Juzi, harusini Mississauga, dijei alitangaza, "Sasa ule wa asili!" Ukumbi mzima ukainuka kuimba. Jina la mama wanalijua wote.