Mashine Iliyongoja Sarafu

Kaka yangu alikufa kwa homa ya siku tatu akiwa na miaka kumi na sita, na kwa muda mrefu nilichobaki nacho ni mkono wake tu. Sauti niliisahau mapema, jambo ambalo bado linaniudhi. Lakini mkono wake wa kulia, umeshika kishikio cha mashine ya michezo nyuma ya duka moja mjini Nyeri, huo niliuona kila nikifumba macho.

Mashine ilikuwa sanduku refu kunishinda, lenye kioo kama cha televisheni. Ndani yake kajitu kekundu kalichimba udongo kakikimbizwa na madudu. Jumamosi tukitoka kijijini kwetu Tetu kupeleka mayai sokoni, kaka alinipitisha pale. Mimi nilishika kikapu, yeye akashika kishikio. Kulia, kulia, chini, subiri, kushoto. Kajitu kalimtii. "Umeona?" aliniuliza, na mimi nikirudi nyumbani nikamwambia mama kwamba hakuna kijana mjini anayemweza.

Mama aliyashika maneno hayo. Kaka alirithi jina la babu mzaa mama, kwa hiyo mama, kama ilivyo desturi yetu, alimwita baba. Tulipokwisha kumzika kando ya kahawa, akina mama wa kanisa wakaja kutufariji, na yeye akawaambia, "Baba alikuwa stadi wa mashine huko mjini." Aliyarudia miaka nenda miaka rudi. Mimi nilijivuna, na pia niliogopa, maana nikiosha vyombo vidole vyangu vilienda vyenyewe ukingoni mwa sufuria: kulia, kulia, chini.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nafundisha kompyuta katika chuo kidogo mjini, chumba kimoja juu ya duka la mbolea. Wanafunzi walivua viatu mlangoni, ati vumbi linaua kompyuta, na kila mashine ilivikwa kitambaa kama makochi ya nyumbani. Mwalimu mwenzangu aliniahidi disketi kutoka Nairobi, yenye programu ya kuifanya kompyuta ijifanye ile mashine ya zamani. Mdomo wangu haujui kungoja. Nikamwambia mama siku hiyo hiyo kwamba mchezo wa baba umepatikana.

Disketi ilikuja. Kuweka sarafu kulikuwa kubonyeza namba tano tu, bure. Nikaufungua mchezo, na kabla sijagusa kitu, kajitu kakaanza kuchimba.

Kulia, kulia, chini, subiri, kushoto.

Nywele zilinisimama. Niligeuka kutazama nyuma yangu, mimi mtu mzima, mwalimu. Kajitu kakabanwa pembeni na madudu mawili, kakafa, kisha kakaanza upya vile vile.

"Hilo ni onyesho tu," mwenzangu alisema. "Inajichezea yenyewe ikingoja sarafu."

Kumbe kaka hakuwa na sarafu. Hakuwahi kuwa nayo hata siku moja. Alikuwa ameukariri mwendo wa mashine, akausindikiza kwa mkono ili dada yake mdogo aone shujaa. Sikuweza kumkasirikia yeye, nikamkasirikia mwenye disketi. Ule mkono niliouhifadhi miaka yote haukuwa umefanya lolote, na sasa nilipaswa kumwambia mama.

Alikuja Alhamisi, baada ya kupeleka maziwa. Aliacha gambuti mlangoni, akaketi na soksi zake, mgongo wima kama yuko kanisani.

"Haya, mwalimu. Nionyeshe baba akicheza."

Ukweli ulikuwa ulimini. Kajitu kakaanza.

"Kumbe ni kulima tu?" Alicheka kidogo. "Na sasa nani ameshika?"

"Hakuna mtu, mama."

Nilidhani hapo ataelewa. Badala yake alisogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. "Ndiyo," akasema polepole. "Ni yeye."

Kajitu kakabanwa, kakafa, kakaanza upya. Alitazama mara ya pili bila kupepesa. Mara ya tatu akanishika mkono, na vidole vyake vilikuwa baridi.

"Anakufa hapo hapo kila mara?"

"Kila mara."

"Na wewe, na masomo yako yote, huwezi kumsaidia?"

Namba tano ilikuwa chini ya kidole changu. "Nikibonyeza, mama, nitakuwa mimi ninayecheza. Yeye ataondoka."

Alifikiri. Kajitu kalikuwa kameanza tena, kanateremka.

"Basi zima," akasema. "Zima kabla hajafika pale."

Nikazima, na ule ukweli sijamwambia mpaka leo.