Mwenzi wa Kamba: Mbeba Ndizi wa Kamachumu na Msimu wa Mbio Tano

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu bado umelalia migomba ya Kamachumu, wilayani Muleba, na Wilbert Kyaruzi anashuka mlima kwa miguu, ameikumbatia baiskeli yake kama anayempeleka mgonjwa hospitali. Mikungu sita ya ndizi imefungwa kwenye keria, mitatu kila upande. Ukiipima, inamzidi yeye mwenyewe karibu mara mbili.

Hatua nane nyuma yake anakuja mwanamke mwenye khanga kiunoni na katambuga miguuni. Amejizungushia kamba ya katani mgongoni, ameegemea nyuma mpaka visigino vinachora vifereji kwenye udongo mwekundu. Ncha ya pili ya kamba imefungwa kwenye keria. Mwanamke huyo ndiye breki.

"Legeza," anasema Wilbert bila kugeuka.

Kamba inalegea kidogo.

"Kaza, Ma Evodia."

Inakaza.

Mteremko huu unaoangukia Muhutwe haumwamini mtu mmoja. Breki za baiskeli hupata moto na kuachia, kwa hiyo wabebaji hushuka wawili wawili: wanashusha mzigo wa huyu, wanapanda tena, wanashusha wa yule. Huitana wenzi wa kamba. Kwa kila mzigo unaofika kwenye malori chini, aliyeubeba hupata shilingi elfu tisa.

Kwa miaka kumi na mmoja, mwenzi wa Wilbert alikuwa Onesphory Rugaibula, mume wa Evodia. Leo Onesphory, mwenye umri wa miaka arobaini na minne, anaziba pancha kileleni chini ya bati moja. Mguu wake wa kushoto umeishia chini ya goti.

"Nusu yangu ilitangulia Muhutwe," huwaambia wateja wanaoogopa kuutazama. "Ukiikuta huko, iambie ndizi zilifika zimepondeka."

Wateja hucheka. Wilbert hajawahi kucheka.

Hadithi inaanzia miaka miwili nyuma. Magdalena Ndyamukama, mwalimu mstaafu anayeendesha klabu ya baiskeli ya vijana huko Nshambya, mjini Bukoba, aliwaleta wanafunzi wake kufanya mazoezi kwenye mlima huu. Walikuwa na baiskeli zenye gia, kofia ngumu na chupa za maji. Wakiwa katikati ya mlima, wakapitwa na mtu aliyevaa katambuga, baiskeli yake haina gia hata moja, na kwenye keria amepakia mfuko wa saruji.

Wabebaji wenzake wana yao. Wapo wanaoapa kwamba siku hiyohiyo Wilbert alilipita lori la mchanga, dereva akatoa kichwa dirishani akamwomba amfungie kamba amvute. Wengine wanasema lori lilikuwa limesimama. Mwalimu Magdalena anasema yeye lori hakuliona, lakini mtu alimwona vizuri sana.

Alimwazima baiskeli ya milimani. Kila Jumapili baada ya misa, Wilbert alipanda gari kwenda Bukoba, akafanya mazoezi kwenye njia za Kahororo na Maruku, jioni akarudi. Mwaka huu, akiwa na miaka thelathini na mmoja, jina lake likaingia kwenye msimu wa mashindano ya kimataifa ya baiskeli za milimani: mbio tano, katika nchi nne.

Mbio za kwanza, Naivasha nchini Kenya, alimaliza wa thelathini na nane. Za pili, Musanze nchini Rwanda, ndizo zilizomfundisha ugonjwa wake.

"Kupanda, nilikuwa wa nne," anasimulia. "Kushuka, nikawa wa ishirini na tatu. Wenzangu wanaachia, wanaruka kwenye mawe kama mbuzi. Mimi mikono imeganda kwenye breki. Mwili wangu ulikuwa unasubiri mtu wa nyuma avute."

Hata hivyo alimaliza wa kumi na mbili, kwa sababu kilima cha mwisho kilikuwa cha kupanda. Ndipo ulipokuja mwaliko wa Afrika Kusini: wiki tatu, kambi na mbio mbili mfululizo.

Hapo ndipo alipokosea, na hatafuti pa kuficha kosa lake. Kwa wabebaji wa Kamachumu, mtu akiondoka zaidi ya siku saba, anasimama kileleni asubuhi mbele ya wote, anamtaja atakayeshika kamba badala yake, na huyo naye anaitikia wote wakisikia. Akishaitikia, hana njia ya kukwepa, maana kijiwe kizima ni mashahidi. Wilbert alikuwa ameshafika Bukoba na pasipoti mfukoni. Alimpigia simu Burhani, mbebaji mwenzao, akakubali. Kisha akampigia Onesphory.

"Nilimwambia kwa simu," anasema. "Jambo la kileleni mimi nililisema kwa simu."

Burhani alishika kamba siku tisa. Siku ya kumi akapata kibarua cha kupakia kahawa, akaenda. Hakuna aliyemsikia akiitikia, kwa hiyo hakuna aliyemuuliza. Onesphory alikuwa na ndizi za watu zinazoanza kuiva. Alingoja mpaka saa tatu, akashuka peke yake, na katikati ya mteremko breki zikaachia.

Wilbert alipata habari baada ya mbio za tatu, ambazo alimaliza wa kumi na nne. Za nne hakushiriki. Alirudi Kamachumu akamkuta mwenzake kitandani, na Evodia amekaa mlangoni na ile kamba mapajani, anaikagua uzi kwa uzi.

"Nilidhani ananilaumu," anasema Wilbert. "Kumbe alikuwa anaangalia kama bado inafaa."

Juma lililofuata Evodia alipanda kileleni na baiskeli ya mumewe. Hapajawahi kuonekana mwanamke kwenye kamba. Mzee mmoja alimwambia aende akapalilie. Evodia alimjibu kwamba watoto wanne wa Onesphory hawali heshima ya mlima. Aliyekuwa hana mwenzi asubuhi ile alikuwa mmoja tu, Wilbert.

Sasa ni miezi miwili na nusu wanashuka pamoja. Wiki iliyopita simu ya Mwalimu Magdalena iliita kutoka Nshambya. Alikuwa amejumlisha pointi mara tatu. Pamoja na kukosa mbio za nne, Wilbert ni wa kumi na tisa. Watakaomaliza msimu ndani ya kumi na tano bora watalipiwa kila kitu mwaka ujao: baiskeli, nauli, malazi na posho ya mwezi. Zimebaki mbio za mwisho tu, Fort Portal nchini Uganda. Akiwa ndani ya kumi bora huko, anaingia. Lakini lazima awahi kufika ili aijue njia. Hilo linahitaji siku tisa.

Siku tisa zinapita saba.

Jumanne asubuhi, wabebaji kumi na wanane wakiwa wanafunga mizigo, Wilbert anasimama mbele ya bati la Onesphory na kuvua kofia. Anaeleza yote, mpaka idadi ya pointi. Anasema hana wa kumtaja. Burhani, aliyesimama pembeni, anatazama spoku za baiskeli yake.

Onesphory anaendelea kukwaruza mpira wa ndani kwa msasa. Hainui kichwa.

"Kyaruzi, mimi unaniomba nini?"

"Ruhusa, kaka."

"Safari ile hukuniomba nikiwa na miguu miwili. Leo kamba hainihusu. Muombe anayeishika."

Wilbert anageuka. Evodia amekaa juu ya mikungu, anamenya ndizi ya kuchemsha. Anaila yote bila haraka, na kijiwe kizima kinamngoja amalize.

"Siku tisa mimi sishuki," anasema hatimaye. "Sitaki wa kunishikia. Nitapalilia kahawa zangu, zimeliwa na magugu. Ukirudi usiniletee zawadi. Utashusha mizigo yangu tisa kwanza, ndipo yako. Wamesikia hawa?"

Wanaitikia kwamba wamesikia. Yule mzee wa palizi naye anaitikia.

"Wakola waitu," Wilbert anashukuru kwa Kihaya.

"Bado. Kule kwenye mteremko wao, mikono uiachie. Mimi nitakuwa shambani."

Onesphory anapuliza vumbi la msasa kwenye mpira na kuomba apewe gundi.

Wilbert ataondoka Jumamosi kwa basi kupitia mpaka wa Mutukula. Baiskeli itafunguliwa magurudumu na kuwekwa kwenye buti. Akiingia kumi na tano bora, amepanga mwakani kila anapoondoka amtaje kwanza mshika kamba kileleni, na posho ya miezi ya kwanza iende kwa fundi wa miguu ya bandia. Onesphory hajaambiwa hilo, na Wilbert ameomba asiambiwe kabla halijatokea, ingawa anajua gazeti hili hufika mpaka kileleni.

"Nikiwa wa kumi nitashukuru," anasema, akivuta fundo la mwisho kwenye mkungu wa sita. "Nikiwa wa arobaini, Jumapili ya pili nipo njiani, na Jumatatu naanza na mzigo wa Ma Evodia."