Cucu Ajinunulia Miwani kwa Sindano

Wasee, leo cucu, mama yake mamangu, amepigiwa makofi na duka zima la miwani hapa Uturuki!

Alifika jana kutoka kijijini Kanja, Kenya, haoni vizuri.
Muuzaji akamwonyesha herufi ukutani, ati asome.
Asome? Wakati wa Emergency, ile hali ya hatari ya mkoloni, shule yao ilifungwa, na hakurudi tena darasani.
Na mimi Kituruki changu kinaishia kwa salamu, ningeelezaje?
Muuzaji akadhani cucu ni kipofu!

Cucu akatoa sindano na uzi wa kushonea kiondo, kile kikapu chake.
Akabadilishiwa lenzi, akabadilishiwa tena, mpaka uzi ukapita kwa tundu.
Shangwe!

Halafu akageuka, akaniangalia mara ya kwanza na miwani.

"Kumbe umekonda hivi? Na kwa simu ulikuwa unaniambia unakula?"

Sasa nijitetee aje?