Baruti Aliyoichagua Baba

Mimi ni mwoga, tuanze hapo tusije tukadanganyana. Wapo wanawake wenzangu wa biashara hapa Guangzhou ambao polisi akiwaomba pasipoti wanaitoa huku wanatafuna karanga. Mimi nikiona sare tu, hata ya mlinzi wa duka, nabadilisha njia. Na viza yangu ni halali! Mzigo wangu wote una risiti. Ndivyo nilivyoumbwa, nifanyeje. Kwa hiyo pata picha ya hali yangu asubuhi ile nikiwa Zhongda kwenye soko la vitambaa, nimeshika sampuli ya satini ya magauni ya kipaimara, simu ikalia, nikaifungua, nikakuta risasi.

Risasi za bunduki, wallahi, na mimi ni Mkristo. Zimepangwa kwenye ungo wa mama yangu, ule ule wa kupepetea mchele, zinang'aa. Pembeni ya ungo kuna kopo jekundu la bati lenye maandishi ya Kichina, na juu ya kifuniko chake kuna kijiko kimoja cha unga wa kijivu.

Nikaibana simu kifuani. Mama mwenye kibanda, ambaye sote tunamwita laoban, yaani bosi, akaniuliza kwa macho kuna nini. Nikamjibu "meiyou, meiyou", hakuna, hakuna, neno lile lile analonijibu yeye nikiomba anipunguzie bei. Sampuli ikaanguka.

Chini ya picha kulikuwa na sauti ya baba. Ilikuwa imetumwa jana yake jioni, lakini ile programu ya meseji tunayotumia nyumbani haifunguki China bila VPN, programu ya kupenya vizuizi vya mtandao, na yangu ilikuwa imegoma toka jana, ikazinduka dakika ile. Nikaingia nyuma ya marobota ya vitambaa, nikaiweka simu sikioni.

"Mama," alisema baba. Huniita mama kwa sababu nimepewa jina la mama yake. "Hilo kopo kaniletea jirani yangu, fundi wa pampu. Anasema ni baruti ya Kichina. Nimeiwasha kidogo kwenye sahani, imewaka safi kabisa. Punje zake ni kama za ile ya zamani. Wewe uko huko kwao, hebu nisomee wameandika nini. Nguruwe wanatumalizia mahindi. Kesho nikishakunywa uji nitapiga moja ya kujaribu."

Kesho yake ilikuwa leo. Pale Zhongda ilikuwa saa nne asubuhi, maana yake kwetu Tabora majogoo ndio kwanza wanawika. Uji ulikuwa bado haujabandikwa, lakini mama yangu si mtu wa kuchelewesha uji.

Baba si mjinga wa bunduki, hilo lieleweke. Alifanya kazi ya kutunza silaha kwenye kambi za wawindaji wa kitalii mpaka alipostaafu, na raifo yake moja ina kibali, kibali kimekunjwa ndani ya Biblia. Wageni wakati wa kuondoka walimwachia kalibu ya kumiminia risasi, mashine ndogo ya kujazia maganda ya risasi, na kopo la baruti. Tangu hapo hakununua tena risasi dukani. Aliyeyusha vile vipande vya risasi vinavyowekwa kwenye rimu za magari, akavimimina, akapoza, akapanga. Nimekua na harufu hiyo. Na somo lake nalijua kama Baba Yetu: risasi ya kumimina ni laini, haitaki kusukumwa kwa nguvu. Baruti ikiwa kali kuliko inavyotakiwa, kwanza inaharibu mtutu, kisha inakuharibu wewe. Chumvi ya mboga aliweza kuizidisha mpaka mama apige kelele, lakini baruti aliipima kwa pumzi imebanwa, na sisi watoto tulikatazwa hata kupiga chafya.

Lakini kopo la wageni liliisha. Na mtu mwenye njaa ya kitu huona kila kitu kinafanana nacho. Hicho ndicho kilichonitia hofu: ile sauti yake ya furaha.

Sasa mimi Kichina nakisema cha sokoni tu. Kusoma, sijui hata herufi moja. Nyumbani wanalijua hilo, lakini haliwazuii. Pampu ikifika na karatasi ya Kichina, dawa ya kuku ikifika, picha inatumwa kwangu, nami naipeleka kwa laoban, anacheka, ananieleza kwa simu yake ya kutafsiri. Safari hii nilikuwa nimpelekee picha ya risasi za bunduki? Katika nchi hii, ambayo ukipanda treni ya chini ya ardhi begi lako linapita kwenye mashine hata kama umebeba nyanya? Nilijiona kabisa nimekaa kwenye chumba cheupe naulizwa baba yangu ni nani.

Nikakata picha. Nikaondoa risasi, nikaondoa ungo, nikaondoa kijiko cha unga, nikabakiza ubavu wa kopo tu. Nikamwonyesha laoban huku nikijichekesha kama mtu anayeuliza bei ya vifungo.

Laoban akavaa miwani. Akaangalia. Akasema, "Cha."

Nikamwambia sijaelewa. Akainua chupa yake ya chai, ile wanayotembea nayo siku nzima, majani yakiogelea ndani, akaigonga kwa ukucha. Cha. Chai. Akaongeza kwa simu yake kwamba ni chai nzuri, ya milimani, watu hupelekeana zawadi wakati wa sikukuu, akaniuliza kama nataka kununua, ana shemeji yake.

Jamani, nilivyocheka! Nilicheka mpaka nikashika meza. Hakuna baruti, hakuna polisi, hakuna chumba cheupe. Baba yangu na fundi wake wa pampu wamebeba majani ya chai wanataka kuyapigia nguruwe. Nikaanza kurekodi sauti ya kumtania: baba, chemsha maji.

Katikati ya sentensi nikaacha kurekodi. Chai haiwaki safi kabisa kwenye sahani.

Sisi kwetu hatutupi kopo. Kopo la siagi ya mkate lina chumvi, kopo la biskuti lina sindano na nyuzi, kopo la maziwa ya mtoto lina misumari, na mgeni akifungua akitegemea biskuti tunamcheka. Hakuna kopo hata moja nyumbani kwetu lenye kitu kilichoandikwa ubavuni mwake. Baba analijua hilo kuliko mtu yeyote. Ila kwa kuwa maandishi yalikuwa ya Kichina, na Wachina ndio wenye baruti, yeye na fundi wake wakasahau. Mchina fulani kwenye kambi ya wajenzi wa barabara kule kwetu alikunywa chai yake akaimaliza, na mtu asiyejulikana akatia humo unga asioujua mwenyewe. Inaweza kuwa baruti ya kupasulia miamba. Inaweza kuwa ya fataki. Na baba alikuwa ameshaijaza kwenye ganda, na asubuhi hii ataweka shavu lake juu ya kitako cha bunduki, afumbe jicho la kushoto, avute.

Nikapiga. VPN ikazunguka, ikazunguka, ikakata. Nikapiga tena. Laini yangu ya Kichina haipigi nje. Nikatuma sauti, nikatuma maandishi kwa herufi kubwa, BABA USIPIGE, zote zikabaki na ile alama ya saa, hazijaenda. Laoban ananiuliza satini mita ngapi. Nikaacha satini, nikaacha na mwavuli wangu, nikakimbia.

Mtaa wa Xiaobei ndiko waliko watu wetu, na kule kuna dada mmoja wa Mwanza mwenye ofisi ya kago ambaye laini yake ya nyumbani haizimwi, gharama iwe gharama. Nilishuka ngazi za kituo cha treni nikiwa nimeshafuta ile picha, kisha nikaifuta na kule zinakokaa picha zilizofutwa. Mlinzi akapitisha kile kifimbo chake cha kukagulia mwilini mwangu. Jasho linanitoka kama nimebeba maiti. Akaniangalia, akanipungia mkono nipite. Ndani ya treni nilisimama mlangoni na kumwomba Mungu kwa sauti, na hakuna aliyenielewa, na nilifurahi hakuna aliyenielewa.

Ofisini kwake dada alikuwa anafunga maboksi kwa selotepu. Akaniona.

"Shoga, vipi? Umefiwa?"

"Bado," nikamjibu.

Hakuuliza la pili. Akanipa simu.

Iliita. Iliita mpaka karibu ikate. Akapokea baba mwenyewe.

"Baba usipige! Usipige hiyo bunduki!"

Taratibu tu, "Nani mwenzangu?"

"Mimi baba, mimi!"

"Aa, mama. Hata shikamoo?"

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hujambo? Huko hakuna baridi? Namba hii mbona ngeni?" Baba yangu hawezi kuingia kwenye jambo kabla ya salamu, hata nyumba ikiungua. Nikajibu sijambo, nikajibu hakuna baridi, nikajibu ya rafiki, machozi yananidondoka kwenye boksi la mtu. Nyuma yake nilisikia sufuria linasuguliwa. Uji ulikuwa umekwisha kunywewa.

Nikamweleza. Kopo ni la chai. Kilichomo hakuna anayekijua.

Akacheka. "Mama, mimi baruti nimeishika kabla wewe hujazaliwa. Punje ni zile zile, rangi ni ile ile. Na nimepunguza kipimo, nimetia kidogo tu."

"Kidogo cha nini, baba? Kidogo cha nini?"

"Usinipigie kelele."

Na kweli nilikuwa napiga kelele. Dada wa kago alikuwa ameacha selotepu, vijana wawili wa Kikongo mlangoni wamesimama kunisikiliza. Sijawahi kumpigia baba kelele maishani. Hofu ilinivua adabu yote nikabaki hivyo hivyo.

"Basi ifunge kwenye kisiki," nikasema. "Ivute kwa kamba, ukiwa nyuma ya ghala."

Hapo nilikuwa nimemgusa pabaya. Katika wawindaji wa kwetu, aliyejaza risasi mwenyewe huipiga ya kwanza begani kwake, mbele ya watu. Anayefunga bunduki kwa kamba hana imani na mkono wake, na atasemwa mpaka kwenye mazishi yake.

"Fundi yupo hapa," akasema kwa sauti ya chini. "Na wazee wawili wamekuja kuona. Nifunge kamba mbele yao?"

"Waambie ni mimi. Waambie una mtoto mwoga huko China, analia kwenye simu kama mwehu, umefunga kamba ili anyamaze. Nichekwe mimi. Baba, kwa mwoga huenda kicheko."

Nikasikia sauti ya mama yangu kule nyuma, bado anasugua sufuria, akiimalizia ile methali bila kuulizwa: "Na kwa shujaa huenda kilio."

Baba akashusha pumzi. Kisha nikamsikia akiwaambia wazee, kwa ile sauti ya mzaha ya wanaume, kwamba huyu binti yake kaharibiwa na mji, haya, leteni kamba ya mbuzi tumfurahishe. Wakacheka wote. Nami nikawaombea wacheke zaidi. Simu akampa mama yangu.

"Yuko wapi?" nikamuuliza.

"Anafunga."

"Na wewe uko wapi?"

"Nyuma ya ghala. Wote tuko nyuma ya ghala, na baba yako ndio huyo anakuja na kamba. Mtoto wewe, umetutia wasiwasi bure na mimi nina—"

Sijui nieleze vipi mlio ule. Nimekua na milio ya ile raifo, naijua, ni mmoja mkavu, unakwenda zake porini. Huu haukwenda. Ulipasuka papo hapo na ndani yake mlikuwa na sauti ya chuma, kisha vitu vikawa vinaanguka kwenye bati, kimoja, kingine, kingine. Kuku wakalia. Kisha simu ikawa kimya na mimi nikawa napiga mayowe mama, mama, na dada wa kago ameninyanyua kwapani nisianguke.

"Nipo," mama yangu akasema mwishowe. Alikuwa anahema. "Sote tupo. Hakuna aliyeguswa."

"Bunduki?"

"Hakuna bunduki. Kuna mtutu, umefunguka kama ganda la ndizi. Kile chuma cha nyuma wanakitafuta, hawakioni. Kitako kimekatika hapa panapokaa..."

"Baba yuko wapi? Mpe simu."

"Hawezi sasa hivi. Amekaa chini, kwenye mavumbi. Ameshika shavu."

"Mama! Si umesema hajaguswa? Ameumia?"

"Hajaumia," mama yangu akasema. "Ameshika tu."