Salamu kwa Fundi wa Mabomba

Juzi basi letu lilisimama Keumbu kupakia ndizi. Mama mmoja akapanda mikono mitupu, akaketi kando yangu, akalishika bomba la kiti cha mbele.

"Mama, unakwenda wapi?" kondakta akauliza.

"Siendi popote, mwanangu. Basi hili ni jipya?"

"Jipya kabisa. Limeundwa Nairobi."

Akalipapasa bomba kwa kidole gumba. "Mume wangu yuko huko karakanani. Ndiye anayekunja mabomba ya viti. Huyabana kwanza yawe na umbo la yai, ili msafiri ashike vizuri. Tangu aende hajarudi."

Kondakta alikuwa tayari kumteremsha, lakini akamwashiria dereva angoje. Mama akalaza shavu juu ya chuma, akanong'ona kwa Kigusii, kisha akashuka akijifuta macho.

Nilimwuliza abiria wa nyuma mama alisema nini.

"Amelisalimia bomba," akanijibu. "Amelieleza kwamba mtoto ameanza kutembea."

Fundi, kama gazeti hili linakufikia, pokea habari hiyo. Nimeiandika mimi kwa kuwa chuma hakifikishi salamu.