Kuvua Kwenye Barafu, Uani Doonside

Mpaka leo treni yangu ya kazini ikisimama Doonside, hapa Sydney, huwa najifanya nasoma simu, kwa aibu, na afadhali niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kutoka kwa Wakongomani, maana wao wameongeza chumvi hadi wanasema nilizimia. Sikuzimia. Kuzimia kungekuwa nafuu.

Mchumba wangu Neema alinipeleka huko Doonside kujitambulisha kwa mjomba wake, Tonton Bahati, mzee wa Bukavu aliyekulia kando ya Ziwa Kivu na ndiye aliyemlea Neema, kwa hiyo bila neno lake hakuna harusi. Nilipomwambia kwamba kabla ya kuja Sydney niliishi Kanada msimu mmoja wa baridi, akauliza kama ni kweli kule watu wanatoboa barafu ya ziwa na kuvua samaki. Nikasema ni kweli.

“Na weye ulivua?”

“Sana, Tonton.”

(Ukweli ni kwamba wenzangu wa kazini walinialika mara moja tu, nikabaki ndani ya gari, hita inawaka, nikala biskuti zao zote.)

Wiki iliyofuata Tonton akapiga simu: mtu wa kanisani kwao, Papa Jospin, anahamia Kanada na familia yake, basi nije Jumamosi nimfundishe. Hapo mtu mwenye akili angesema ukweli. Mimi nikaagiza vijiko mtandaoni.

Ngoja niwaeleze, maana kueleza ndiyo raha yangu na somo lenyewe si baya. Kijiko hiki ni chambo bandia, kipande cha chuma kilichopinda kama kijiko kisicho na mpini, chenye ndoana ya meno matatu mkiani, nacho humdanganya samaki kwamba pale kuna kisamaki kinachoumwa. Kizito huzama haraka, hicho ni cha maji ya kina. Chembamba hushuka kikiyumba kama jani, kinamfaa samaki mvivu. Maji yakiwa maangavu na jua linawaka chukua cha rangi ya fedha, yakiwa na tope chukua cha rangi ya shaba. Unakishusha mpaka chini, unakiinua kidogo, unakiachia, halafu unatulia, kwa sababu mara nyingi samaki huuma ukiwa umetulia. Mnaona? Mtu yeyote anaweza kuelewa. Nilijifunza yote hayo kwa video, nikiwa kwenye treni ya kwenda kazini, nikaamini kwamba anayejua kueleza anajua kufanya, ugonjwa ambao wanaume wengi tunao na hakuna hata mmoja aliyewahi kwenda hospitali.

Jumamosi ikafika, jua la Januari linachoma kweli kweli, nami nimevaa koti zito na kofia ya sufu (nilitaka wapate picha kamili, mpumbavu mimi). Nilidhani nitasimama mbele ya meza, nionyeshe vijiko, nipigiwe makofi, nile nyama. Kumbe Tonton alikuwa amejiandaa kuliko mimi. Katikati ya ua kulikuwa na bwawa la plastiki la watoto, limejaa maji, juu yake wamemwaga mifuko na mifuko ya barafu ya kituo cha mafuta, na chini ya barafu wanaogelea samaki watatu wazima waliotolewa kwenye tangi la duka la samaki. Nyuma yake mbuzi alikuwa anachomwa. Watu kama ishirini wamekaa kwenye viti.

“Tumekuletea Kanada,” akasema Tonton.

Somo lilikwenda vizuri mno, nitajisifu kwa hilo. Papa Jospin aliandika kila neno kwenye daftari. Kisha Tonton akakunja mikono.

“Bien. Sasa vua.”

Nikashusha cha fedha. Nikainua, nikaachia, nikatulia. Nikatulia tena. Samaki wakahamia upande wa pili, wote watatu, kama waliokubaliana. Nikaweka cha shaba, nikaweka chembamba, jasho linaingia machoni, na Mama Zawadi, dada yake Tonton, ambaye viatu vyake vipya vilikuwa karibu kabisa na bwawa, akashindwa kuvumilia.

“Weye mutoto, hii samaki inalala ao inakucheka?”

“Mama, kwenye baridi samaki huwa mvivu, inabidi kumbembeleza.”

“Umubembeleze vizuri basi, mbuzi inaiva, tutakula bila yeye.”

Watu wakacheka. Neema alikuwa anatazama majani. Nikaona ndoa yangu inaondoka polepole, basi nikachukua kijiko kizito kuliko vyote, nikakishusha kwa nguvu, na mara mshipi ukakaza.

“Amenasa!” Nilipiga kelele kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Na hata hapo sikuacha kueleza: “Mkubwa huyu, mwangalie, samaki mkubwa hatakiwi kuvutwa kwa pupa.” Halafu nikavuta kwa pupa.

Nilikuwa nimenasa bwawa. Meno matatu yalipasua plastiki kutoka chini mpaka juu, maji na barafu vikatoka kwa pamoja, vikazima mkaa, vikamwangusha mbuzi, vikajaza viatu vya Mama Zawadi. Samaki wakaanza kurukaruka kwenye majani. Nikamfukuza mmoja nikiwa na koti langu la Kanada, nikakanyaga barafu, nikakaa chini puu. Tonton akainuka bila haraka, akachukua kitenge begani kwa dada yake, akawakusanya samaki mmoja mmoja, akawatia kwenye ndoo.

“Kivu tunavua hivi,” akasema, basi.

Hilo ningelivumilia. Lakini Papa Jospin hakucheka. Alikuja akachuchumaa kando yangu, daftari limelowa, kalamu iko tayari.

“Ndugu yangu, niko na batoto bane. Uniambie tu kitu moja: barafu inapashwa kuwa nene namna gani ndipo nibasimamishe juu yake?”

Jibu lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, mjue. Namba kabisa, sijui ilitoka wapi. Watoto wake walikuwa wanaokota vipande vya barafu pale majanini, wanavinyonya.

“Papa Jospin, sijui,” nikasema. “Sijawahi kukanyaga ziwa lenye barafu. Nilibaki kwenye gari. Ukifika, waulize wenyeji kabla hujaweka hata mguu mmoja.”

Akafunga daftari.

“Kwa hiyo ulinidanganya,” akasema Tonton.

“Ndiyo, Tonton. Nisamehe.”

“Ndani ya nyumba yangu. Juu ya samaki!” Akaisogeza ndoo ya samaki mbali nami. “Leo sikupi jibu la harusi. Utakuja hapa kila Jumamosi, utakaa, utasikiliza. Hutaeleza kitu.”

“Hata nikiulizwa?”

“Tayari unaeleza.”

Nimeapa sitafundisha tena jambo ambalo mikono yangu haijalifanya, na Jumamosi naenda, nakaa, nasikiliza. Juzi Tonton alinieleza jinsi ya kumwogesha mgonjwa kitandani, kazi ninayoifanya kila siku ya Mungu kwenye nyumba ya wazee, akakosea tangu kitambaa cha kwanza. Neema akanikodolea macho.

Nikasema, “Asante, Tonton,” nikaongeza sukari kwenye chai.